Sanduku la Kufuli Tatu

Miaka ishirini na saba nilihesabu makontena Kilindini,
namba nyeupe juu ya mabati yenye kutu,
na sikukosea hata moja.
Sasa hapa Mlaleo nahesabu matumbo.
Daftari ni la shule, jalada lina jedwali la kuzidisha:
Kwa Shufaa, watoto wawili, tangu Jumanne.
Ghorofa isiyokwisha, mlinzi.
Kwa fundi cherehani, mkewe na mgeni wao wa Kaloleni.

Saumu, muuguzi wa zahanati, alilikalia daftari langu,
akala hamri zima bila kulitazama,
kisha akauliza ambalo karani hakuliwaza:
"Hawa wote, maji wateka wapi?"

Kisima cha nyuma ya choo.
Tulijua sote. Kujua si kazi.
Kazi ilikuwa Mwendwa, msukuma mkokoteni,
madebe kumi na sita kila safari, kutoka kisima kile kile.
Alisimama mkutanoni, kofia mkononi:
"Mkinifungia kisima, nifungulieni sufuria."
Hakuna aliyecheka.

Ndipo likaja sanduku. Bati la kijani, kazi ya fundi wa Kongowea,
kufuli tatu, funguo tatu, watu watatu:
Mwanasha muuza mahamri, wa chama cha kina mama;
Nyevu Kitsao, wa kanisani;
Ochola, wa bodaboda.
Msidhani ni mapenzi.
Zilikuwa tatu kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenziwe,
nasi tulikuwa wakweli kiasi cha kulitia hilo chuma.
Shilingi ishirini kila nyumba, kila Ijumaa.
Msikiti ukatoa bomba lake la maji matamu,
shule ikatoa ukuta wa kupangia foleni,
zahanati ikatoa dawa ya maji na Saumu wa kuipima.
Mwendwa akabaki na mkokoteni ule ule,
maji mengine.

Mvua ya Mei ikajaza vyoo.
Usiku wa pili binti wa Mwendwa akaanza kutoka maji
kama yale ya kuoshea mchele.
Jina lake Mutheu; kwao, ni kusema safi.
Mwenye tuktuk alitaka nauli mkononi kabla ya kuwasha.
Mwanasha alifika na ufunguo shingoni,
Nyevu na wake ndani ya kitabu cha nyimbo,
nao hawakuwa wamesemezana tangu Januari
kwa ajili ya mfereji: maji ya kufulia ya mmoja
hupita mlangoni pa mwenziwe.
Ochola alikuwa Mtwapa, simu kaizima.

Kufuli mbili zikafunguka. Wakaitazama ya tatu.
"Shika taa," alisema mmoja.
"Lete nondo," alisema mwenziwe.
Nondo aliileta yule mlinzi wa ghorofa,
aliyekwisha pona, akikimbia na viatu mkononi.
Wasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Nami niliona mikono minne ya wagomvi
ikivunja kufuli kwa pigo la tatu.

Niliandika pale pale, nimelifunika daftari kwa leso:
Tuktuk, mia sita. Chumvi ya dawa, mia na hamsini.
Kufuli moja, imevunjwa, kwa kauli ya wawili.
Asubuhi Ochola akasoma, akanyamaza,
akanunua kufuli mpya kwa fedha zake,
akaomba ufunguo wa akiba akae nao Saumu.
Mutheu alirudi siku ya nne, amepanda mkokoteni
katikati ya madebe, kama bibi harusi.

Wiki hii nimepita nyumba arobaini na tatu.
Safu ya wagonjwa nimeandika sifuri,
nikaikoleza kwa wino, asije mtu akadhani nimeruka.
Bandarini, sifuri ilikuwa hasara.

Mfereji bado.
Nawasikia wawili wale huko nje wakigombana,
sauti zao nzima kabisa.