Mipira Kumi na Mmoja

Kila wiki mbili, Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi,
kabla lami ya Tucson haijaanza kunata viatuni,
baba alishusha mashine garini
akazinyoa senizo za Bi. Lindqvist ziwe mipira.
Mipira kumi na mmoja, ya kijivu, kando ya ukuta,
kama vichwa vya wanafunzi siku ya kufungua shule.

"Nicanor," sauti ya dirishani, "ule wa tatu una nundu."
Baba akaiondoa nundu.

Mimi nilikuwa wa kufagia.
Nilizoa vijani laini kama sikio la mwanambuzi,
vyenye unga uliogoma kutoka vidoleni.
Kwao Coahuila jina lake ni hilohilo, majivu:
kichaka kisichoomba maji,
ukikidekeza kinaoza mizizi.

Siku moja nikauliza, maua yake yakoje?
Akazima mashine.
Akapapasa mfuko wa shati, kama mtu
aliyekuta ufunguo wa nyumba iliyokwisha bomolewa.
"Yamo humu," akasema, akaligonga pipa la taka.
"Tunayabeba kila tukija."

Mwaka uliofuata goti lake liligoma.
Juni nzima alilala, mguu juu ya mto,
akihesabu mizunguko ya pangaboi.
Bi. Lindqvist naye alimzika mumewe;
hakupiga simu, hakuuliza habari za nundu.
Joto likapanda nyuzi arobaini na tano, likakaa hapo.
Mipira ikaota nywele, ikaota mikono,
ikakosa adabu kabisa.

Julai hewa ikawa nzito.
Mawingu yakaja yakasimama juu ya milima
siku mbili, hayatii neno.
Tone halikudondoka.
Vichaka lakini vilikuwa vimekwisha pata habari:
zambarau toka udongoni hadi kileleni,
zambarau isiyo na haya,
na nyuki, nyuki, hata ukuta wenyewe ukavuma.

Nilikuwa nimekwenda na mkasi na karatasi ya deni.
Nilimkuta nje, miguuni kandambili za marehemu,
kubwa, visigino vyake havifiki mwisho.
"Miaka kumi na tisa," akasema,
"nikidhani ni majani tu."
Hakuuliza ni kosa la nani.
Nilirudi garini na mkasi wangu na karatasi yangu.

Nilitaraji baba afurahi.
"Mvua imenyesha?"
Bado, nikasema.
"Itanyesha."
Akageukia ukutani, akanyamaza muda mrefu,
nikadhani amelala. Kumbe alikuwa anazidisha:
wiki kwa miaka, miaka kwa wiki.

"Mara mia nne tisini na nne," akasema.
"Na kila mara
nilipokea pesa."