Kioo Juu ya Kioo

Saa kumi na mbili na robo, Kibarani. Maji yamekupwa,
matope yanang'aa kama sinia lililolambwa.
Nyevu ananong'ona: "Kigingi cha tatu, kushoto. Sululu!"
Nyevu ana macho ya kuzaliwa nayo, hayajui duka.
Mimi napandisha miwani kipajini,
nainua darubini, nazungusha gurudumu,
na ukungu unapojikusanya ukawa kigingi,
ni kigingi kitupu.

"Ameshakwenda," anasema, kwa upole unaouma.

Nimejaribu bila kuivua. Kioo juu ya kioo:
ulimwengu ukawa tundu la ufunguo,
pembeni vivuli vyeusi kama kucha vikipita,
na jasho la Januari, hili letu,
likatia mvuke baina yangu na kila ndege.
Miaka minne daftari limejaa
"labda kitwitwi," "huenda buabua,"
"kitu cheupe, kimeruka."

Nikamwendea Vrajlal, mtaa wa Biashara,
aliyempima marehemu mama kwa herufi zile zile.
Akanitandazia njia kama muuza leso:
"Kuna leza. Dakika kumi, umemaliza."
Nikauliza bei. Nikauliza tena. Nikafunga mkoba.
Si bei tu. Gari lina spea, jicho halina.
"Basi lenzi za kuvaa. Au nikufanyie hivi:
la kulia lione mbali, la kushoto karibu."
Nikacheka. Wake wenza ndani ya kichwa kimoja,
kila mmoja na zamu yake,
na mimi wa kusuluhisha alfajiri?
"Nipe zinazoelewana."

Jumamosi hiyo, wallahi, niliona.
Darubini ilinikaa usoni kama niliyoshonewa,
duara zima, ukingo hadi ukingo:
buabua sita juu ya bomba lenye kutu,
kila mmoja na kofia yake nyeusi.
Nikashika kalamu niwaandike,
daftari likanigeuka, mistari imekuwa sisimizi.
Miaka hamsini na miwili ina deni lake.
Nikamwomba Nyevu aniandikie;
mwandiko wa Nyevu, hata Nyevu hausomi.
Kisha lori la makontena likapita nyuma yetu,
vumbi na chumvi vikaingia chini ya lenzi,
na macho yote mawili yakalia bila msiba.

Nyumbani Tudor nilizitoa, nikazilaza kwenye kibweta chao.
Wanasema macho hayana pazia. Yangu yanayo,
nikakaa roshani nyuma yake, chai mkononi,
na kwenye ua la shubiri, ndani ya kopo la rangi,
shibiri mbili kutoka puani,
pakatua chozi.

Sikuthubutu kumeza.
Kwa masafa yale jicho langu bovu ni sultani:
niliuona ulimi ukichovya,
koo likigeuka kijani, zambarau, tena kijani,
na utitiri mmoja ukitembea juu ya unyoya
kama mtu aliyepotelewa na nyumba.
Shavuni bado palikuwa na lile jingine, la lenzi.
Sijui aliyevipa viwili hivi jina moja
alikuwa amekaa wapi, akitazama nini.

Jumatatu nilirudi dukani na malalamiko yangu.
Vrajlal hakunipima. Alisema, "Hebu nione hiyo darubini."
Akaigeuza, akashika mpira wa kuwekea jicho,
akaukunja chini, mmoja, wa pili,
kama mtu akunjaye mikono ya kanzu kabla ya kula.
"Wenye miwani hukunja hapa, mama."

Miaka minne.

Nikaiegemeza kwenye miwani yangu ile ile kuukuu,
nikasimama mlangoni, watu wakinipita na mifuko.
Juu ya waya wa stima, kunguru.
Kunguru wa kila siku, mwizi wa mahamri,
amejaa tele, ukingo hadi ukingo,
hata vumbi la mdomo wake nililiona.

Nikatoa daftari. Nikaliona pia, chini ya kioo, kwa kulisogeza mbali kidogo.
Kunguru. Mmoja.
Sikuandika labda.