Kigae cha Tisa

Kiingilio elfu tano, mwanafunzi elfu mbili.
Bibi yangu Somoe alilipwa ili aingie humu,
shilingi kumi na mbili, mwezi ukitimia.
Mimi nimelipa, nikapewa risiti yenye mhuri.

Tulishuka Mnazi Mmoja, tukanunua ming'oko
ingali ya moto, imefungwa kwa karatasi ya daftari la hesabu,
kisha bajaji ikatupitisha kwenye mikonge
iliyosahau mistari yake,
mikorosho imejipenyeza kati
kama wapangaji wasiolipa kodi.

Anayetutembeza ni kijana Likapa, kavaa jezi ya Namungo.
Yeye anaijua nyumba kwa miaka:
mwaka wa bati, mwaka wa jenereta,
mwaka bei ya singa ilipopanda hata meneja akaagiza piano,
nayo mchwa wakaila kuanzia miguuni.
"Hapa barazani alikunywa chai saa kumi.
Hapa ilining'inia kengele.
Dirisha hili lilimwonyesha korona nzima, moshi na watu,
bila yeye kuinuka kitini."
Walimu wastaafu kutoka Masasi wanapiga picha.
Mmoja anauliza kama ukumbi hukodishwa kwa harusi.
"Utaratibu unaandaliwa," anajibu Likapa.

Mimi naangalia chini.

Bibi hakuijua nyumba hii kwa miaka.
Aliijua kwa magoti.
Hakuniambia kamwe dari ina rangi gani.
Aliniambia ukumbi una vigae mia mbili na kumi,
kwamba chumba cha kulala kimeinama kidogo upande wa mashariki,
maji ya deki hukimbilia huko yenyewe
kama mtoto aliyeitwa,
na kwamba ukihesabu kutoka mlango wa stoo ya vyakula
kigae cha tisa hucheza.
Ukikikanyaga hugonga, ko,
mama mwenye nyumba huamka, usingizi wake wa mchana umeharibika,
na jioni hiyo hupati mabaki.

Miaka kumi na moja alikiruka.
Hata kwake Ng'apa, kwenye sakafu ya udongo,
akitoka jikoni na sinia
hatua ya tisa ilikuwa ndefu kuliko nyingine.
Sisi wajukuu tulicheka. Tulimwigiza.

Likapa anasema stoo haimo kwenye ziara,
ina popo, haijakarabatiwa.
Namwomba. Anatazama saa, anatazama risiti yangu,
anafungua.

Moja. Mbili.
Saba, nane.
Naweka kisigino, kisha uzito wote,
kilo themanini za mjukuu aliyeshiba.

Ko.

Hakuna aliyeamka.
Nakikanyaga tena. Ko. Tena, ko, ko, ko,
mpaka walimu wanachungulia mlangoni
na Likapa, ambaye hili hakufundishwa, anauliza,
"Umejuaje?"

Nilikuwa na jibu refu. Nimelitunga tangu juzi,
lina manamba ndani yake, lina nyapara na kipande,
lina hasira iliyopangwa vizuri.
Likanikwama kooni.
Nikasema tu, "Kuna mtu alikuwa anapita hapa."

Akaandika kwa kalamu kiganjani:
stoo, kigae, tisa.
Pengine kesho atakitaja,
baada ya piano, kabla ya swali la harusi.

Jioni nikampigia Bibi, mtandao ukikatikakatika.
Nikamweleza baraza, kengele, dirisha.
Kimya. Nikadhani amesinzia.
"Na hiyo sakafu," akasema, "siku hizi anapiga deki nani?"
Hakuna, Bibi. Vumbi tu, na mavi ya popo.
Akaguna,
mguno mrefu wa fundi
aliyeonyeshwa kazi yake imeharibiwa na wasiojua.