Mizani ya Nala

Kabla hujashika ufunguo, alisema Chibulunje,
inama. Hesabu.

Nikainama, tope la Bahi limeganda kwenye springi.
Nikahesabu tairi kumi.
"Sita," akasema. "Mapacha wa nyuma
ni mguu mmoja uliovaa viatu viwili.
Sita zinakanyaga, nne zinasukuma,
mbili za mbele kazi yake kuuliza njia.
Hiyo ndiyo sita kwa nne.
Atakayekwambia kumi ni muuza tairi."

Hivyo ndivyo nilivyosoma, mimi Sechelela,
mpepetaji wa uwele:
kwa nondo ya kuchokonoa kokoto kati ya mapacha,
kwa rungu la kugonga mpira.
Wenye upepo hulia *ngo*.
Uliochoka husema *bu*, kama mtu aliyeamshwa.

Mwisho wa masika tukazama mbugani.
Tairi ya kushoto ikazunguka kama pia,
ikarusha tope hadi kwenye kioo,
na ya kulia, juu ya udongo mkavu, kimya.
Nikaitukana ile iliyonyamaza.
"Usiionee. Difu ndivyo ilivyo:
humpa nguvu anayeteleza,
aliyesimama imara hunyimwa."

Nikamkumbuka kaka yangu Mbijili
na mbuzi wa baba, mmoja baada ya mwingine.
Sikusema kitu. Nikabonyeza kufuli ya difu.
Zote mbili zikalazimika kwenda pamoja.

Halafu Nala.
Jumla, tani ishirini na sita kasoro kidogo. Halali.
Nikaanza kutabasamu,
karani akatikisa kichwa dirishani:
mbele tani tisa, na mwisho wake nane.
Kumbe mizani haitosheki na jumla;
huhoji kila ekseli peke yake,
kama maswali ya kaburini.

Ni mimi niliyepanga magunia,
nikayasukumia yote kwenye kichwa cha gari
kwa sababu mvua ilikuwa inakuja
na kwa sababu nilidhani uzito ni uzito.

Darasa la sita Mwalimu Mgogodi alitufundisha mizani:
nane kwa nane, silabi moja ikizidi
mstari unachechemea.
Nilimwona mtu wa kupoteza muda.

Nikahamisha magunia ishirini na mawili,
mpunga ukinichoma shingoni,
madereva wa foleni wakipiga honi na kunipa ushauri.
Chibulunje, mgongo wake umeliwa na viti vibovu,
alikaa kivulini mwa tangi akanywa togwa.
Hakuhesabu. Nilimwona hahesabu.

Tukapanda tena. Mbele saba nukta tisa.
Karani akagonga muhuri bila kuniangalia usoni.

Njiani usukani ulikuwa mwepesi,
gari likifuata wazo kabla ya mkono.
Nikapunguza gia kwenye tuta,
breki ya upepo ikashusha pumzi.
Niligeuka nimuulize kama nimeingiza vizuri.

Alikuwa amelala, mdomo wazi,
na Nkuhungu hatujafika.
Miezi saba nimeshika usukani huu
hajawahi kufumba hata jicho moja.