Duara la Manjano

Saa nne usiku. Barabara ya Mbagathi imechoka kupiga honi.
Nimebaki mimi, friji inayokohoa,
na sahani kumi na mbili za kioo
zilizofunikwa kama chakula cha mgeni aliyechelewa.

Ndani yake umelala wewe, Kandida,
mweupe, laini,
unanukia unga wa mandazi uliolazwa na hamira.
Nani angekushuku?
Umekaa nasi tangu uchanga wetu,
mpangaji mpole asiyegonga mlango wa mtu,
mpaka mwenye nyumba augue.
Hapo ndipo unatandika mkeka wako ulimini,
unashuka kooni,
unaulizia njia ya kwenda damuni.

Nakujua kwa namba: 0417, kitanda cha dirishani.
Flukonazoli imekupitia
kama manyunyu ya Julai yanavyoipitia Nairobi:
yanalowesha koti, hayajazi ndoo.

Mchana alikuja mkewe, Bi. Syokau,
akasimama kwenye kidirisha cha sampuli
na chupa ya chai kifuani.
Ndani, maziwa ya manjano.
"Daktari," akaniita, nami si daktari,
"hii mama alitupaka kwenye vidonda,
akatunywesha kwa kikohozi,
akanisugua nayo uso wiki ya harusi.
Kwa nini isimfae Muthiani?"

Nikaangalia vidole vyangu.
Vilikuwa na rangi ile ile.

Sikumwambia kwamba juzi nilipita Ngara
kwa Hansa, anayepima viungo kwa mizani ya babake,
nikanunua robo kilo ya mizizi mikavu.
"Pilau ya watu wangapi?"
"Wa mmoja. Na hawezi kumeza."
Nikaisaga, nikailoweka kwenye spiriti,
nikachuja mpaka ikabaki kurkumini,
au kitu kinachokaribiana nayo.

Ina jeuri, hii.
Ukiitia majini inatuama chini kama mchanga wa Athi.
Imepaka sinki, kalamu, daftari la Achola,
kola ya koti langu jeupe,
kila mahali
isipokuwa pale ninapoitaka.

Sahani ya saba: duara!
Moyo unaruka.
Nainamisha taa.
Ni rangi tu iliyotambaa.
Chini yake wewe unaota, umestarehe,
kama mtu aliyejifunika leso ya jirani.

Ya nane, vivyo hivyo.

Ya tisa ni ile niliyochanganya,
dawa uliyoishinda na mizizi ya Hansa, bega kwa bega.
Hapa pana ukingo mtupu,
mwembamba, usio na mkazi.
Napima. Milimita tano.
Napima tena, maana mkono wenye matumaini
huivuta rula.
Tano.

Stima zinapotea.
Friji inanyamaza katikati ya kikohozi.
Gizani nasikia mlinzi akimtukana transfoma,
nami nimeshika sahani kwa mikono miwili
kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiye wake.

Kesho atarudi na chupa yake. Nitamwambia nini?
Kwamba sahani si mwili, Bi. Syokau.
Sahani haina tumbo, haina ini,
na ini ni bawabu mkali:
manjano hufukuzwa getini
kabla hayajataja jina.
Mpe, kama daktari ameruhusu na koo limekubali,
kwa kuwa ni mkono wako anaoutambua.
Lakini dripu usiiguse.
Na hili la milimita tano
sijui kama ni habari njema au ni habari tu.

Stima zimerudi.
Kwenye fomu, mbele ya 0417, naandika:
*5. Irudiwe mara tatu.*
Nageuza karatasi nipige muhuri, naona
kidole gumba changu kimeshatangulia,
kimetia sahihi yake ya njano
pembeni,
mahali pasipoulizwa kitu.