Nywele za Nyawawa

Stima ilipotea Nyalenda saa moja kasoro.
Nikaona heri: giza lenyewe limekuja kunisaidia kupika.

Tambi nilizichemsha kwa maji ya osuga,
zikatoka kijani cha gugumaji.
"Nywele za nyawawa," nikawaambia.
"Kanyolewa jana. Ukizivuta, popote alipo atapiga chafya."
Ajwang' akacheka. Opondo hakucheka.
Ana miaka minne; alikuwa anaangalia komeo.

Mayai ya kware nikayamenya, kila moja
na punje ya pilipili manga katikati:
macho kumi na manne, yote yakimsubiri baba yao.
Nyanya nikaziponda
mpaka sufuria ikataka kuandikisha taarifa polisi.
Omena wanne nikawasimamisha ukingoni.
"Na hawa?"
"Askari wa zamu ya usiku. Hawalali, huoni hawana kope?"

Basi upepo ukatoka ziwani, mabati yakalia,
na jirani, kwa utani au kwa imani, sijui,
akagonga kifuniko. Wa pili akaitikia.
Mtaa mzima ukawa sufuria na miiko:
piteni, piteni, hapa hamna chenu!

Opondo akashika mwiko, akagonga meza
mara moja tu.
Akafikiri.
Akaisukuma sahani yake polepole hadi mlangoni.
"Labda wana njaa."

Mlango ukafunguka. Mtu, viatu mkononi,
matope hadi magotini, akainama, akala jicho,
akavuta unywele mrefu kwa midomo, fyuuu,
akapiga chafya.

"Mama!" Opondo akanong'ona, "nyawawa ana kitambi."