Mkanda Usio na Ngumi

Niliununua Masasi kwa sababu ya jalada:
milima, watu wenye vipara, mashuka mekundu.
Nikajua ni ngumi. Nikaandika mlangoni kwa chaki
KUNG-FU YA MILIMANI, MIA TANO TU,
na Newala ikaja na ukungu wake mabegani,
ikajibana kwenye mabenchi.

Mimi ndiye sauti. Kazi yangu kipaza,
kumtia Mchina Kiswahili kinywani,
kumfanya jambazi aongee kama karani wa ghala la korosho.

Lakini dakika kumi, ishirini, hajapigwa mtu.
Ni mzee tu, mkimbizi kutoka Tibeti,
chumba cha kupanga katika mji fulani wa India,
anapaka buti zake samli.
Theluji hakuna pale. Anazipaka hivyo hivyo.
Binti karudi kutoka Marekani na begi la magurudumu.
Kaka mtu anamrekodi baba kwa simu:
“Sema kitu, baba, kabla…”
na hamalizi.

“Ngumi ziko wapi?” akauliza Hashimu Nampota.
Wengine wakadai chao.
Nikarudisha noti mbili na sarafu za kutosha.

Baba yangu hakudai. Alikuwa benchi la nyuma,
Kalisto Mpunda,
kifua kikikwaruza, gunia linaloburutwa sakafuni,
nembo za mashavuni zimekunjamana na ngozi.
Mwaka wa sitini na tano alianza kuvuka Ruvuma
na dada yake, na mbuzi.
Mbuzi alifika.
Karatasi ya kambi ya Rutamba bado anayo,
muhuri wa zambarau, jina limekosewa.

Jumapili iliyopita nilimpeleka Shimo la Mungu.
Tukasubiri ukungu uchanike.
Chini kabisa, mto, ukanda mwembamba wa bati.
Ng’ambo, moshi,
na si moshi wa kusafisha shamba.
Safari hii si Mreno.
Baba alinyoosha kidole atuonyeshe kijiji,
kisha akakirudisha mfukoni
bila kusema ni wapi.

Sasa kwenye kioo mzee yule akatamka neno,
maandishi meupe yakapita chini,
nami nikatafsiri: “Nataka kurudi nchini kwangu.”
“Si nchi,” ikasema sauti gizani.
“Nchi ina bendera. Sema kaya.”
Nikasema kaya.
Hakuna aliyecheka, hata Hashimu.

Halafu mzee akafa, bila muziki.
Kamera haikumwangalia.
Ilibaki kwenye kikombe cha chai
utando ukiganda juu, polepole,
na nje mtu anafagia uwanja.

Mtafsiri hulipwa ili ajaze.
Ningeweza kumtia neno la mwisho,
ningeweza hata kumfikisha kwao,
nani angejua?
Nikazima kipaza.
Jenereta likaongea peke yake.

Watu wakatoka, wengine wakinikata jicho.
Nikaanza kukunja waya.
“Umeishia hapo?”
“Umeishia hapo, baba.”
Akavuta pumzi, ile yake ya vipande viwili.
“Basi rudisha nyuma kidogo.
Pale anapopaka viatu.”